Anachomiliki Mwenye Kiwanja

Mwenye ardhi humiliki nini hasa: udongo wenyewe, au haki ya kuutumia kwa namna fulani? Swali hili limejificha ndani ya kazi inayoonekana kuwa ya makarani tu, yaani kuunganisha daftari la wamiliki na ramani za mipango ya matumizi ya ardhi. Daftari la msajili husema kiwanja ni cha nani. Mchoro wa mipangomiji husema pale pajengwe nyumba, soko au shule, au pabaki wazi. Zikitunzwa mbalimbali, kila kumbukumbu husema nusu ya ukweli. Mtu huuziwa kwa hati eneo ambalo mchoro unaonyesha ni njia ya barabara, na mpangaji wa mji huchora uwanja wa wazi juu ya shamba la familia kana kwamba hapana mtu.

Julius Nyerere alilijibu swali hilo mwaka 1958 katika kijitabu Mali ya Taifa. Alishikilia kwamba jasho humpa mtu haki juu ya alichokizalisha na alichokiendeleza, si juu ya ardhi yenyewe, ambayo ni zawadi ya Mungu kwa wote. John Locke, mwanafalsafa Mwingereza wa karne ya 17, naye alianzia kwenye jasho, lakini akafika kwingine kabisa: anayelima shamba hulifanya mali yake. Tanganyika ilifuata njia ya Nyerere. Umiliki usio na ukomo ulifutwa mwaka 1963, na Sheria ya Ardhi ya 1999 ya Tanzania Bara inatamka kuwa ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi. Anachopewa mtu ni haki ya kuikalia na kuitumia, kwa muda usiozidi miaka 99, tena kwa masharti. Hati ya kiwanja cha mjini hutaja kama ni cha makazi au biashara. Basi matumizi si nyongeza juu ya umiliki. Ni sehemu ya kile kinachomilikiwa, na daftari lisiloyaonyesha halijakamilika.

Pwani imelijua jambo hili kwa karne nyingi kupitia wakfu. Mwenye nyumba au shamba anapoliweka wakfu, mali hiyo haiuzwi tena wala hairithiwi. Manufaa yake huelekezwa msikitini, kwa mafukara au kwa kizazi chake. Mipaka, msimamizi na matumizi hukaa pamoja katika tamko moja, na sharti la mweka wakfu humfunga kila anayekuja kuisimamia. Zanzibar, taasisi inayosimamia mali hizo huitwa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na neno amana limebeba wazo zima: anayeishika mali anaishika kwa ajili ya wengine.

Hata hivyo, mweka wakfu hujichagulia sharti, ilhali mwenye kiwanja huwekewa na mamlaka, na sharti hilo laweza kubadilika akiwa tayari amejenga. Hapo ndipo uzito wa kimaadili wa kuunganisha kumbukumbu ulipo. Muungano huo ukimbana mwenye hati tu, ni dhuluma. Lazima umlinde pia: mpango unapobadilika, daftari lionyeshe nani ajulishwe, nani asikilizwe, nani alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati, kama sheria inavyotaka.

Linabaki tatizo gumu zaidi, la wasioandikwa. Mjane anayelima shamba lililosajiliwa kwa jina la marehemu mumewe, au mfugaji anayerudi kiangazi tu, hayumo daftarini. Ramani ikisomwa pamoja na daftari kama hilo, ardhi yao itaonekana tupu. Ndiyo maana kuwatambua watumiaji kunapaswa kutangulia kuchora mipaka. Wilayani Kiteto, vijiji vya Olkitikiti, Lerug na Ngapapa vilikaa pamoja, vikakubaliana juu ya malisho yanayovuka mipaka yao, vikaandaa mpango mmoja na kuuita OLENGAPA kwa kuunganisha majina yao. Kisha hati za hakimiliki ya kimila zikatolewa kwa umoja wa wafugaji, zikiwatambua kuwa wenye ardhi hiyo, na matumizi yake kuwa malisho.