Kufia Kashi

Kwenye ghati ya Manikarnika, jijini Varanasi, India, utakutana na kuni kabla hujakutana na maiti. Magogo yamerundikwa kando ya ngazi za mawe zinazoshuka mtoni, ambazo ndizo ghati yenyewe, na mbele yake ipo mizani mikubwa ya chuma. Kuni za mwembe ni za bei nafuu; msandali ni wa wenye nazo, kwa hiyo familia nyingi hununua vipande vichache tu vya kuweka juu. Muuzaji anapima, mtoto wa marehemu aliyenyoa kichwa na kujifunga shuka jeupe analipa, vijana wanateremka na mzigo. Maiti katika sanda yake huchovywa kwenye Mto Ganges, hulazwa juu ya kuni na kumiminiwa samli. Moto nao hauwashwi kwa kiberiti. Hununuliwa kwa watu wa tabaka la Dom, ambao kwa karne nyingi wengine wamewaita najisi, na ambao husema moto wanaoulinda haujawahi kuzimika. Brahmani, mtu wa tabaka la juu, aliyewakwepa maisha yake yote hana budi kupitia mikononi mwao siku ya mwisho.

Kazi hiyo haikomi, usiku wala mchana, kwa sababu ya ahadi moja. Wahindu huamini kwamba afiaye Kashi, kama jiji hili linavyoitwa tangu kale, hunong'onezwa sikioni na mungu Shiva mwenyewe mantra ya kumvusha, na roho yake hupata moksha: haizaliwi tena duniani. Tajiri na fukara, mwema na mwovu, wote wamo. Ndiyo maana wazee huletwa hapa kutoka vijiji vya mbali ili wasubiri. Mukti Bhavan, nyumba iliyofunguliwa mwaka 1958, hupokea walio mahututi pamoja na jamaa zao, kwa kawaida kwa muda wa wiki mbili. Mgonjwa akichelewa kufa, anaweza kuombwa awapishe wengine. Wapo waliopata nafuu wakarudishwa kwao, na mtu hajui awape hongera au pole.

Hapo ndipo penye swali. Dini inayofundisha kwamba kila tendo lina malipo yake, na kwamba malipo hayo humfuata mtu hata katika maisha yajayo, inawezaje kusema kuwa dhalimu aliyeanguka ghafla na kukata roho karibu na ghati ya Dashashwamedh amesamehewa yote? Na yule mama mcha Mungu aliyefia kwenye treni, kituo kimoja kabla ya jiji, amekosa nini?

Wanazuoni wa Kashi hawakulikimbia swali hilo. Wapo waliojibu kwamba udongo wenyewe haumwokoi mtu. Kinachookoa ni maarifa, na Shiva huyatoa dakika ya mwisho kwa huruma yake. Wengine walikuwa wakali zaidi. Kabla ya kuachwa huru, walisema, roho hupitia kwa Kala Bhairava, Shiva katika sura yake ya kutisha, ambaye huhesabiwa kuwa mkuu wa polisi wa jiji. Adhabu ambayo ingechukua vizazi na vizazi, roho huimaliza kwa kitambo kifupi chenye uchungu usiosimulika. Deni halifutwi, hulipwa lote kwa mkupuo. Ni jibu la kijanja, ingawa lina harufu ya wakili anayetetea ahadi ambayo mteja wake amekwisha kuitoa.

Kabir hakulikubali. Mshairi huyu wa karne ya 15 alilelewa hapohapo Varanasi na wafumaji Waislamu, na kejeli zake ziliwapata makuhani na makadhi bila upendeleo. Masimulizi yanasema kwamba uzeeni alifunga safari kwenda Maghar, mji ulio kaskazini ambao watu waliuogopa, kwani ilisemwa kuwa afiaye huko huzaliwa tena akiwa punda. Kabir alitaka kujua: ikiwa Kashi ndiyo inayookoa, basi Mungu ana kazi gani? Akafia Maghar. Wafuasi wake, Wahindu kwa Waislamu, waligombea mwili wake, na leo yapo majengo mawili ya kumbukumbu yaliyo jirani, moja la kila upande. Mahujaji hufika kwa wingi. Mtu aliyekwenda kuonyesha kwamba mahali si kitu ameacha nyuma yake mahali pengine pa kuhiji.

Msomaji wa pwani hatauona mjadala huu kuwa mgeni. Waislamu wangapi hutamani kuzikwa Baqii, makaburi ya Madina? Hata hivyo imepokewa kwamba Abu Dardai, sahaba wa Mtume, alipomwandikia sahaba mwenzake Salman al-Farsi kumwita aje katika ardhi takatifu, Salman alimjibu kuwa ardhi haimtakasi mtu yeyote. Mtu hutakaswa na amali yake. Jibu hilo halijaiondoa tamaa ya Baqii, wala Kashi haikuhamwa kwa ajili ya Kabir. Binadamu ana mwili, na mwili hauwezi kusali pasipo mahali. Lazima usimame sehemu fulani, uelekee upande fulani, uoge maji fulani. Kabir mwenyewe, ili akanushe Kashi, ilimbidi achague mji wa kufia.

Lakini kushikamana na mahali kuna gharama, na Varanasi inazijua. Hekalu la Vishwanath, moyo wa hija yote, lilijengwa mwaka 1780 na malkia Ahilyabai Holkar wa Indore. Lililotangulia lilibomolewa mwaka 1669 kwa amri ya mfalme Aurangzeb, na ubavuni mwa hekalu la sasa upo msikiti wa Gyanvapi. Kesi za kugombea eneo hilo zimepandana. Januari 2024 mahakama ya Varanasi iliruhusu Wahindu wafanye ibada katika chumba kilicho chini ya msikiti, na malumbano hayajaisha. Ardhi inayogawa wokovu kwa wote haigawanyiki kirahisi kwa wenye hati.

Gharama nyingine ni uchafu. Mwaka 1916, katika sherehe za kuzindua Chuo Kikuu cha Kihindu cha Banaras, Mohandas Gandhi aliwaudhi wakubwa waliohudhuria kwa kuuliza kama ni haki vichochoro vya kuendea hekalu takatifu viwe vichafu vile. Mto nao hauko salama. Serikali ilianzisha mpango wa kuusafisha mwaka 1986, lakini majitaka yakaendelea kumiminika. Aliyeubeba mwilini mwake utata wa mto huo, mtakatifu na mchafu, ni Veer Bhadra Mishra, mkuu wa hekalu la Sankat Mochan na wakati huohuo profesa wa uhandisi wa maji. Asubuhi alijitumbukiza mtoni kama dini yake inavyotaka. Kisha maabara ya taasisi aliyoianzisha mwaka 1982 ikapima vijidudu vya kinyesi katika maji yaleyale. Alifariki mwaka 2013 bila kuacha sala wala vipimo. Wapo waliomwona mnafiki, na si haki. Kwake mto ulikuwa mama, na mama akiugua hupelekwa hospitali.

Swali la mahali lilimfuata hata Gandhi. Alipouawa Januari 1948, majivu yake yaligawanywa ili yamwagwe katika mito mingi. Jinja, Uganda, penye chimbuko la Nile, ipo sanamu yake kukumbusha kwamba sehemu ya majivu hayo ilimwagwa hapo mwaka uleule, na Wahindu wa Afrika Mashariki hupaenzi. Sehemu nyingine ilisahaulika katika hazina ya benki mjini Cuttack kwa miongo kadhaa. Kitukuu chake, Tushar Gandhi, alikwenda mahakamani kuidai, akapewa, na tarehe 30 Januari 1997 akaimwaga Allahabad, Ganges inapokutana na Yamuna. Kwa hoja ya Kabir, kasha la benki lingetosha kabisa. Tushar hakuona hivyo, na majaji nao hawakumlazimisha aone.