Haki ya Anayebeba Msiba wa Wenzake

Je, mtu aliyechoka kwa kuwahudumia waliofikwa na misiba ana haki ya kusema, "Leo siji"? Suala hili huulizwa kwa sauti ya chini, kwa kuwa muulizaji huona haya.

Kwetu Ndera na Garsen halikuzuka bure. Tarehe 22 Agosti 2012 waliuawa Riketa watu wasiopungua 48, wengi wao wanawake na watoto. Tarehe 10 Septemba wakauawa 38 Kilelengwani, askari polisi wakiwamo. Na Disemba msiba ukaifika Kipao. Tuliwahesabu waliokufa na waliohama. Hatukuwahesabu walioosha maiti, wala wauguzi walioshona majeraha, wala watu wa Msalaba Mwekundu walioketi na mayatima. Hao hawakupigwa panga, lakini waliona na kusikia, na yaliyoingia kwa macho na masikio hayatoki kwa arubaini. Miongoni mwa watu wa namna hii utamkuta asiyepata usingizi, na utamkuta (huyu ndiye wa kumkhofia zaidi) ambaye hata kilio cha mtoto hakimgusi tena.

Wako wasemao kuwa huo ni udhaifu wa imani. Sikubaliani nao. Salman al-Farisi alipomwona Abu Dardaa amejichosha kwa saumu ya mchana na sala ya usiku, alimzuia, akamkumbusha kuwa nafsi na ahali nao wanadai haki zao; na Mtume (S.A.W.) akakubali kuwa Salman amesema kweli. Ikiwa ibada yenyewe ina mpaka, vipi huduma isiwe nao?

Mtu atauliza: huyu akipumzika, maiti ataoshwa na nani? Swali hilo tulijibu sisi. Kuosha maiti ni faradhi ya kifaya: wakiitekeleza wachache, wengine husameheka. Nasi msamaha huo tumeufanya mto wa kulalia. Mji mzima humgongea mlango mtu yule yule miaka nenda miaka rudi, kisha siku akikataa twamwita mkavu wa moyo!

Tena twamnyamazisha. Kweli, siri ya maiti na ya mgonjwa ni amana. Lakini kusema "mimi silali" si kufichua siri ya mtu.

Shauri letu kwa kila msikiti ni hili: wafunzwe kuosha wanaume sita na wanawake sita, imamu awe na majina yao, na aliyeosha mtoto wiki hii asiitwe wiki ijayo, hata kama yeye ndiye hodari kuliko wote.