Kura ya Rais ni kura ya Amiri Jeshi

Kampeni zikianza huku kwetu, kuanzia Kahama mpaka Geita, maswali ya vijiweni huwa ni yale yale. Nani ataleta maji? Nani atawapa wachimbaji wadogo maeneo? Nani atayabana makampuni ya dhahabu? Ni maswali ya haki. Lakini lipo moja ambalo sijapata kulisikia: huyu tunayemtaka, akikabidhiwa jeshi, atalitumiaje?

Ibara ya 33 ya Katiba inamfanya Rais kuwa Mkuu wa Nchi, Kiongozi wa Serikali na Amiri Jeshi Mkuu. Hivyo anayempa mtu kura, amempa na bunduki.

Tatizo ni kwamba vita tunavilinganisha kama mechi za mpira: nani alishinda? Tuchukue Vita vya Kagera. Majeshi ya Idi Amin yalivamia Oktoba 1978, na Aprili 11, 1979 Kampala ikaanguka. Kumtoa mvamizi ulikuwa wajibu. Lakini Mwalimu Nyerere aliposema tufunge mikanda miezi 18, miezi ile iligeuka miaka. Waulizeni wazee foleni za sukari na sabuni. Ikiwa vita vya haki vina gharama hiyo, vya dhulma je? Katika Majimaji, 1905 hadi 1907, Wajerumani walichoma mashamba na maghala, na njaa ikaua wengi kuliko risasi.

Wako watakaosema: "Mchagueni mcha Mungu, yatosha." Ndugu zangu, mwaka wa 37 Hijria, kule Siffin, walipigana Waislamu kwa Waislamu, na masahaba (r.a.) wakiwemo pande zote mbili. Ikiwa fitna iliwafikia hao, kanzu au rozari ya mgombea itatukinga na nini?

Mwingine atasema kiongozi mpenda amani hualika maadui. Si kweli. Mtume (s.a.w.) aliyepigana Badr ndiye aliyekubali masharti magumu ya Hudaybiya, mwaka wa 6 Hijria, hata Sayyidna Umar (r.a.) akaona uzito kuyapokea. Suratul Fat-h ikauita mkataba ule ushindi wa wazi. Ushujaa wa kiongozi ni pamoja na kuvumilia kuitwa dhaifu ili damu isimwagike.

Wala tusidhani haya ni ya mipakani tu. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, wanajeshi walionekana katika mitaa ya miji yetu na roho za watu zikapotea. Waliofiwa hawahitaji kuelezwa maana ya Amiri Jeshi.

Basi mgombea ajaye akisimama jukwaani, tumuulize kwanza maji na leseni. Kisha tumuulize: ni lini utaamuru risasi, na ni lini utakataa hata ukishauriwa? Akilicheka swali hilo, ametujibu. Kura ni amana, na amana itaulizwa.

Wallahu a'lam.