Mlango Wakati wa Chajio

Katika zoezi moja la ufahamu tulilowapa wanafunzi wetu Wanyarwanda, jamaa wa pwani wameketi mkekani kwa chajio, jirani apita, naye baba aita, "Karibu tule!" Swali lilikuwa jepesi: baba huyu ana tabia gani? Tulingoja jibu la "mkarimu". Mwanafunzi mmoja, mtu mzima, aliandika: "Hana haya."

Hatukucheka. Kwa mtu wa pwani, kula mbele ya mwenzio bila ya kumkaribisha ni choyo. Na katika mwezi wa Ramadhani futari huandaliwa hata barazani, akaitwa mpita njia asiyejulikana jina. Lakini katika Rwanda ya jadi, mtu mzima kuonekana akitafuna hadharani ilikuwa aibu. Chakula kililiwa ndani. Mgeni alikirimiwa kwa maziwa, au kwa pombe ya ndizi au ya mtama, nayo ilinywewa mbele za watu. Hata kitenzi chenyewe husitiriwa: badala ya kurya, mwenye adabu husema gufungura, neno ambalo pia lina maana ya kufungua. Nasi twasema kufungua saumu! Walimu wenzetu walionyeshe hilo darasani, hasa tangu Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi nchini humo mwaka 2017.

Je, afungaye mlango ni mchoyo? Zamani tungalisema ndiye. Siku hizi twasita. (Na tuungame: aghalabu "karibu" yetu hutolewa kwa kutumaini jibu la "ahsante, nimeshakula".) Mkeka wa nje humshibisha asiye na kitu, wala hilo si jambo dogo, lakini humlazimu aonekane akila cha mwenziwe, na kesho watu wamtazame kama atarudi. Mlango uliofungwa haumshibishi mtu. Walakini, milango yote ikiwa imefungwa, nani ajuaye ni jiko gani halikuwashwa moto jioni ile? Njaa ni mbaya kuliko aibu: ndivyo tuonavyo sisi tulioshiba, na yamkini mwenye njaa asingekubali.

Yule mwanafunzi tulimpa alama zote. Swali lenyewe tumelibadili. Sasa twauliza: jirani aliyeitwa alijionaje?