Deni la Macho

Je, ni vibaya kwenda kutazama hatari ya wengine? Swali hili nilipewa na mama mmoja ufuoni Rumonge, ingawa yeye hakulisema kwa maneno haya. Ila ili mnielewe, lazima nianzie mbali kidogo, juu ya mlima.

Mimi ni mtoto wa Goma. Nyuma ya mji wetu kuna Nyiragongo, mlima wa mita 3,470, na ndani ya shimo lake kuna moto. Tarehe 17 Januari 2002 moto ule ulishuka, ukapita katikati ya mji, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ukaingia Ziwa Kivu. Mimi nilikuwa mtoto wa mgongoni. Nyumba yetu ikaenda. Mama alipojenga tena, alijenga pale pale juu ya mawe meusi, kwani kiwanja kilikuwa chetu na hatukuwa na kingine.

Nilikua chini ya mlima huo bila kujua ndani mna nini. Kibali cha mgeni kupanda kilikuwa dola 300, na nyumbani kwetu nani alikuwa na dola 300? Mwaka 2019 nikapata kibarua cha kubeba mizigo ya watalii. Tulianzia Kibati asubuhi, tukafika ukingoni jioni, baridi inauma mpaka kwenye meno. Giza lilipoingia nikachungulia. Ndugu msomaji, sitakudanganya: ilikuwa nzuri. Ziwa la moto lilikuwa linapasuka na kujifunga, linapasuka na kujifunga, na mlio wake kama mawimbi. Mtalii niliyembebea begi alitoa machozi. Mimi nikageuka upande wa pili, nikaona taa za Goma kule chini, nikaanza kutafuta mtaa wetu.

Niliporudi, mama aliniuliza: "Uliona nini?"

"Mama, iko muzuri."

Akaendelea kuchagua maharagwe. Halafu akasema: "Hata siku ile ilikuwa muzuri. Tuliiangalia mpaka ikakaribia."

Tangu hapo nikawa na hasira na watalii. Nilisema, hawa wanalipa ili waone kitu kilichotuunguza, kisha wanarudi kwao. Lakini hasira ile haikuwa na haki yote. Pesa yao ndiyo ilininunulia madaftari. Na tena, si wao peke yao wanaotazama. Goma kuna wachunguzi wa volkano ambao kazi yao ni kuutazama mlima huo kila siku, ili watu waambiwe wakimbie lini. Tarehe 22 Mei 2021 mlima uliwatangulia: moto ulitoka jioni bila onyo, ukasimama Buhene, mlangoni mwa mji, baada ya kuunguza nyumba nyingi na kuua watu. Hata hivyo siwezi kuwaweka kapu moja na mtu aliyekuja kwa ajili ya foto.

Na wazee wetu je? Wao hawakuwa na mashine. Walitazama mabonde, wakaona mbuzi wamekufa asubuhi bila kidonda, wakajua kuna hewa mbaya inayotoka ardhini na kulala mahali pa chini. Wakaipa jina, mazuku, na watoto tukakatazwa kucheza huko. Leo wanasayansi wa nchi nyingine nao wanatumia neno hilo hilo. Wazee walitazama, wakarudi na kitu cha kumpa mtoto wa jirani.

Sasa nije Rumonge. Vita vilitutoa Goma, vikatutoa Bukavu, vikatutoa Uvira, tukavuka Tanganyika kwa mtumbwi. Nilipopata nguvu nikajitolea kupokea vijana waliokuwa wanafika baada yetu. Usiku mmoja nilikuwa nimesimama ufuoni. Taa za wavuvi wa ndagala zilikuwa zimejaa juu ya maji, na mtumbwi ukatokea katikati yake, umebeba watu mpaka pomoni. Picha nzuri kabisa! Nikatoa simu, nikapiga. Mama mmoja akashuka, maji yakiwa magotini, akanitazama.

"Weye kijana, foto ile njo itatufanyia nini?"

Sikuwa na jibu. Nilitaka kusema mimi si mgeni, mimi pia nimekimbia, lakini simu ilikuwa mkononi.

Akasema: "Kama unaangalia, angalia muzuri. Batoto bangu ni bane. Hesabu hapa."

Nikahesabu. Walikuwa watatu.

Usiku ule nilizunguka naye, nikaandika jina la yule wa nne na nguo alizovaa, na asubuhi nikampeleka kwa wanaoandikisha waliopotezana. Mpaka ninapoandika haya, mtoto hajapatikana. Picha niliifuta. Sijui kama kuifuta kulimsaidia yeyote.

Ninachoamini sasa ni hiki: kutazama si kosa, ila ni deni. Dola 300 zililipa njia, hazikulipa deni hilo. Ukishaona, kuna mtu chini ya mlima anayekudai, na anaweza kudai kitu kidogo sana, kama kuhesabu watoto wake bila kukosea. Kulipa si lazima kufanikiwe. Wachunguzi wa Goma walishindwa, na mimi nimeshindwa mpaka leo.

Hapa kambini wageni wanakuja na madaftari. Wengine wanarudi na majibu, wengine hatuwaoni tena. Siwaambii wasije. Nawaomba wafanye kama nilivyofundishwa majini. Na sisi wenyeji tusijitoe katika maneno haya, maana mtumbwi mwingine ukifika, wa kwanza kutoa simu ni sisi.