NAKALA YA KWELI



Je, ni halali kutengeneza kitu kipya na kukiweka mahali pa cha zamani kilichoharibika? Wengi watajibu upesi, "Kwa nini isiwe halali? Jembe likivunjika mpini, tunachonga mwingine." Ni kweli. Lakini ziko nakala zinazotengeneza na ziko nakala zinazodanganya, na mpaka kati yake ni mwembamba. Leo nataka tuutazame mpaka huo kwa mfano ambao sikuutarajia katika uzee wangu, yaani kebo za kompyuta za zamani.

Mpwa wangu ni fundi wa umeme. Alipokuja kunisalimu siku za karibuni alikuwa na michoro ya kebo hizo, akanieleza habari zake, nami nikamsikiliza kama mwanafunzi.

Mwaka 1970 kampuni ya Digital Equipment Corporation ya Maynard, katika jimbo la Massachusetts, Marekani, ilitoa kompyuta iliyoitwa PDP-11. Watu waliihesabu kuwa kompyuta ndogo, kwa sababu zile kubwa za wakati huo zilijaza chumba; hata hivyo ilikuwa sanduku zito la chuma. Ndani ya sanduku mlikuwa na nafasi chache za kuchomeka bodi. Mwenye kutaka kuiongezea kumbukumbu au mitambo mingine aliweka sanduku la pili, akaliunganisha na la kwanza kwa kebo bapa yenye waya 120. Kebo hiyo ndiyo iliyofanya masanduku mawili yawe mashine moja.

Kampuni ile ilinunuliwa na kampuni ya Compaq mwaka 1998, kwa hiyo hakuna tena kiwanda cha kuagiza kebo hiyo. Lakini mashine nyingine zipo bado, katika majumba ya makumbusho na nyumbani kwa watu wanaozipenda, huko Marekani na Ulaya. Wenyewe wanataka ziendelee kufanya kazi, nao wana sababu. Ni katika mashine za aina hiyo, mwanzoni mwa miaka ya 1970, mfumo wa Unix ulikuzwa na lugha ya C ikazaliwa, na mawazo yake yamo ndani ya simu nyingi tulizo nazo mifukoni. Sasa, shaba nyembamba ikikunjwa mara nyingi mahali pamoja hukatika. Na kebo nyingine hupotea mashine zinapohamishwa. Basi mafundi hujitengenezea. Huchora bodi ndogo za kuingia katika nafasi za mashine, wakaziunganisha kwa tepe za waya za siku hizi. Tepe tatu zenye waya 40 kila moja hutimiza hesabu ya 120.

Hapo mpwa wangu alinipa swali la mtihani. Katika waya zile 120, ni 56 tu zinazochukua habari. Zile 64 zilizobaki hazisemi neno lolote. Ni waya za ardhi tu. "Mjomba, ungekuwa wewe, usingeziacha ukapunguza gharama?"

Nikajibu kwamba ningeziacha. Akacheka. Waya mbili zenye habari zikilala bega kwa bega, umeme wa moja huigusa nyingine, na mashine ikasikia neno ambalo halikusemwa. Waya iliyo kimya ikiwekwa kati yake huzuia jambo hilo. Kebo isiyokuwa nazo huenda ikafaulu jaribio la dakika tano mezani, kisha ikaleta makosa siku nyingine, tena bila kuonyesha yametoka wapi. Kumbe waya zisizosema kitu ndizo zinazolinda ukweli wa zile zinazosema!

Maneno hayo yalinirudisha nyuma hadi mwaka 1984. Nilikuwa mwalimu kijana, nina miaka miwili tu tangu kutoka chuo cha ualimu. Mchwa waliingia kabatini wakala daftari la mahudhurio la darasa langu. Kurasa za miezi miwili zikawa vumbi. Mkaguzi alikuwa njiani. Usiku niliwasha kibatari, nikaandika daftari jipya lote kwa wino wa rangi ileile. Nilipofika penye kurasa zilizoliwa nikasita. Niliwaza kwamba nafasi tupu zitanitia aibu, wala hazimwambii mtu kitu. Basi nikawapa watoto wote alama ya kuhudhuria. Mkaguzi alisifu mwandiko wangu.

Baada ya miezi michache mama mmoja alikuja mbele ya kamati ya shule. Alikuwa amesafiri kumwuguza mama yake. Aliporudi alisikia kwamba binti yake aliachishwa masomo kwa wiki tatu, akapelekwa kufanya kazi katika nyumba ya jamaa wa mumewe. Baba alikana. Mwenyekiti akasema, "Daftari litaamua." Likafunguliwa, na binti alikuwapo kila siku! Yule mama akanitazama, kwa kuwa alijua kwamba mimi najua. Nikanyamaza. Siku mbili baadaye nilikwenda kwa mwalimu mkuu, nikaeleza nililolifanya, na kamati ikaitwa tena. Lakini mama yule alikuwa amekwisha kuitwa mwongo mbele ya majirani, na jina kama hilo halifutiki kwa kikao kimoja.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Uongo wa maandishi una njia ndefu zaidi, maana hubebwa na watu wakweli. Mwenyekiti yule hakudanganya, alisoma tu.

Kwa hiyo naona nakala ina wajibu mbili. Kwanza, ifanye kazi yote ya kile cha kwanza, hata ile isiyoonekana. Pili, isifiche kwamba ni mpya. Mpwa wangu husema kwamba fundi akitengeneza kebo kama hiyo yafaa aandike juu ya bodi yake mwaka alioitengeneza. Mtu aweza kusema kwamba katika jumba la makumbusho ni vizuri zaidi kebo mpya ionekane kuukuu, wageni wafurahi. Lakini fundi atakayekuja baada ya miaka 30 kutafuta kosa, atajuaje kipi ni cha wenye mashine na kipi ni chetu?

Sisi nasi hatuachi kunakili. Twanakili orodha za ubatizo, mihtasari ya vikao, hesabu za vikundi, na hati za mashamba tulizoachiwa na wazee. Palipoliwa na mchwa, tuandike kwamba pameliwa na mchwa. Kisha tutie tarehe na sahihi zetu.

Laiti ningeziacha tupu zile kurasa! Mwenyekiti asingekuwa na la kusoma, na ingembidi amsikilize mama.