Mitandio ya Mitumba: Je, Urahisi wa Bei Waondoa Israfu?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake. Ama baada ya hayo, liko swali ambalo laonekana dogo, nasi twaona kuwa si dogo. Mtu aendaye Kongowea kila juma, akarudi na mitandio miwili mitatu ya mitumba, naye nyumbani anayo mingine arobaini, je, amefanya jambo la kusifiwa, au la kuchukiza, au si lolote? Mitandio hiyo ameinunua kwa mali yake ya halali, kwa bei ndogo, wala hakumdhulumu mtu. Basi lawama itoke wapi?

Kwanza yapasa tuondoe lisilo na asili. Wako wasemao kuwa nguo ya mtumba haifai kusalia, kwa sababu haijulikani ilivaliwa na nani, na huenda ilivaliwa na asiyekuwa Muislamu. Kauli hii haina msingi. Kanuni ya wanazuoni ni kuwa asili ya vitu ni twahara mpaka ithibiti najisi, na yakini haiondolewi na shaka. Imepokewa kwa Mughira bin Shu'ba kuwa Mtume (S.A.W.), katika safari ya Tabuk mwaka wa 9 Hijria, alikuwa amevaa juba la Sham lenye mikono myembamba, hata akaitoa mikono yake kwa chini ya juba ili apate kutawadha. Na Sham wakati huo ilikuwa katika dola ya Warumi. Basi mtandio uliofuliwa kwa maji na sabuni hauna ila yoyote kwa kuwa umetoka ng'ambo. Hata leso zetu hizi, jina lake twalipata kwa Wareno, na kwao neno hilo ni kitambaa cha mkononi au cha kichwa. Husimuliwa kuwa bibi zetu waliviunga vitambaa hivyo wakapata vazi. Wakajifunga, wakajitanda, wakabebea watoto. Hakuna aliyewalaumu, kwani kitu cha kigeni walikitia kazini.

Pili, yafaa tujue mitandio hii yafikaje kwetu. Katika miji ya Uingereza, Marekani na Kanada yako maduka ya nguo kuukuu. Watu hutoa bure nguo wasizozitaka, na maduka huziuza kwa bei ndogo, na mapato yakatumika katika kazi za hisani. Goodwill ilianza Boston mwaka 1902, na Oxfam ilifungua duka lake katika mji wa Oxford mwaka 1947. Asili ya jambo hili ni njema. Lakini leo nguo zitolewazo ni nyingi kuliko wanunuzi wa huko. Zilizobaki huuzwa kwa uzani, zikachambuliwa, zikabanwa katika marobota, zikapakiwa merikebuni, na sehemu yake hushuka Kilindini. Robota lifunguliwapo sokoni, wa mwanzo huchagua zilizo nzuri, ambazo wauzaji huziita kamera, na mabaki ya mwisho huitwa fagia.

Sasa tutazame. Mingi katika mitandio hii haikutupwa kwa kuchakaa. Waweza kuukuta wa hariri, rangi yake haijapauka wala pindo lake halijafumuka. Umefika hapa kwa sababu mwenyewe alikuwa na kichwa kimoja na mitandio mingi. Urahisi wa bei yake ni alama ya wingi huo. Atakayeuvaa atakuwa ameuokoa, kwa kuwa ameurudisha katika kazi uliyofumiwa. Atakayeufungia kashani hakuuokoa. Ameuhamisha tu kutoka kabati la London kuja kasha la Mombasa. Israfu ni ile ile, imevuka bahari.

Hapo ndipo penye kosa la wengi. Wao hudhani kuwa israfu ni kununua kwa bei kubwa, basi aliyenunua kwa shilingi chache amesalimika. Sivyo ilivyo. Kur'ani imekataza israfu hata katika kula na kunywa, wala haikutenga chakula ghali na cha rahisi. Wanazuoni wamechukia israfu ya maji katika udhu, na maji ya mto hayana bei. Na imepokewa kwa Jabir kuwa Mtume (S.A.W.) aliyahesabu matandiko ya nyumba: moja la mume, moja la mke, la tatu la mgeni, na la nne akalinasibisha na shetani. Hakutaja thamani ya tandiko, alitaja haja. Basi kipimo cha israfu ni haja, na bei ndogo haiwezi kukigeuza kisichohitajiwa kikawa chenye kuhitajiwa. Bali urahisi ni mtego mkubwa zaidi, kwa sababu ghali humzuia mtu mlangoni, na rahisi humkaribisha. Haba na haba hujaza kibaba, na mtandio kwa mtandio hujaza kasha.

Atasema mwenye kusema: Mwenyezi Mungu apenda uzuri, nasi twakusanya kilicho kizuri. Twamjibu kuwa amesema kweli katika nusu ya kwanza. Pambo ni halali, na Uislamu haukuamrisha uchafu wala unyonge wa mavazi. Lakini pambo ni la kuvaliwa. Na tukumbuke kuwa Abu Jahm alimzawadia Mtume (S.A.W.) nguo yenye nakshi, akasali nayo, jicho lake likaangukia zile nakshi. Alipomaliza aliamuru irudishwe kwa Abu Jahm, akaitaka badala yake nguo yake isiyo nakshi. Nakshi haikuwa haramu, lakini ilikuwa imeanza kuushughulisha moyo. Ikiwa nguo moja imeogopewa hivyo, itakuwaje nguo arobaini, na moyo waenda sokoni tangu alfajiri kuitafuta ya arobaini na moja?

Atasema mwingine: akiba haiozi. Nasi twasema, akiba ya nguo katika mji wa pwani yaoza. Joto na unyevu huleta koga, na mende hawamngojei mwenye kasha. Akiba ni kitu kilichowekewa siku yake. Kisichokuwa na siku ni rundo.

Atasema wa tatu: twawasaidia wauzaji, nao ni maskini. Hili ni neno lenye uzito. Serikali ilipozuia mitumba kuingia nchini kuanzia Machi hadi Agosti 2020, kwa kuhofia maradhi ya korona, wauzaji walidhikika sana, na biashara yao ni halali na ya heshima. Lakini pato la muuzaji halimwondolei mnunuzi wajibu wake. Na mbali na muuzaji, yuko mtu mwingine tumwangalie. Yuko mama mwenye mabinti watatu wa chuoni, amalizaye kazi zake jioni ndipo akaenda sokoni na shilingi alizozibana. Yeye hatafuti nakshi; atafuta nguo ya kuwasitiri wanawe. Akifika hukuta fagia. Zilizo nzito, zisizoonyesha nywele, zimechukuliwa asubuhi na aliye na nyingine kama hizo nyumbani. Na wenye nafasi wakizoea kukitafuta kwa burudani kile ambacho maskini akitafuta kwa dharura, bei hupanda, na anayeilipa ni maskini. Kadhi hatalihukumu jambo hili kuwa ni dhulma. Lakini mambo yote ambayo kadhi hayahukumu, je, Mola hayaulizi? Nguo za kuvaa hazina zaka, hilo ni wazi; lakini kutotolewa zaka si kutoulizwa.

Tena liko jambo la nia. Mtandio umeamrishwa uteremshwe juu ya kifua ili pambo lisitirike, kama ilivyo katika Surat An-Nur, aya ya 31. Ni kinyume kikubwa kitu cha kusitiria kikawa chenyewe ndicho cha kuonyeshwa: kikapangwa kwa rangi, kikapigwa picha, kikapelekwa kwa simu ili wenzetu waone tulivyo navyo. Hapo tumekwisha toka katika mavazi tumeingia katika kushindana kwa wingi, na shindano hilo lina sura yake nzima katika Kur'ani, nayo ni ya 102, isemayo kuwa wingi huwashughulisha watu mpaka makaburini.

Wala wanaume wasicheke. Mwenye kofia kumi na mbili za vito, na jozi za viatu zisizokanyaga ardhi, na kanzu asizozijua idadi yake, suala hili ni lake pia. Tena mara nyingi yeye hununua kwa bei kubwa zaidi, akayaita hayo heshima.

Basi twaona hivi, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi. Kuvaa mtandio wa mtumba ni halali, tena ni jambo jema kwa aliyekusudia kuokoa kisipotee. Kuwa nayo kadhaa ya nyumbani, ya kazini, ya sala na ya Idi ni mubaha. Kuikusanya ili iwe mingi ni karaha. Na ikiwa kwa kujifaharisha, au kwa pesa iliyopaswa kulipa deni au matumizi ya watoto, basi imetoka katika karaha ikaingia katika dhambi.

Twanasihi jambo moja jepesi. Mwezi wa Shaabani, kabla ya Ramadhani kuingia, kila nyumba ifungue kasha lake. Mtandio ambao haukuvaliwa tangu Ramadhani iliyopita, utolewe. Na usitolewe ule uliotoboka, kwani wema haufikiwi mpaka mtu atoe katika avipendavyo. Utolewe ule ambao mkono wasita kuuachilia. Upelekwe kwa jirani kwa siri na kwa adabu, umefuliwa na kukunjwa, ili binti yake asimame katika sala ya Idi asijulikane na yeyote kuwa amepewa.

Mwenyezi Mungu atujaalie kutosheka, na atusitiri duniani na Akhera. Wa billahi taufiki.